Ajabu na Mtungi wa Maji

Wamakonde wa Newala wana kisa cha asili yao ambacho Mjerumani Karl Weule, aliyezuru Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, alikitia katika kitabu chake kilichochapwa Leipzig mwaka 1908. Kiumbe mmoja aliishi peke yake porini. Alikuwa hajawa mtu sawasawa, kwani hakuoga wala hakunyoa. Siku moja akatwaa gogo, akalichonga sanamu ya mtu, akaisimamisha kwenye makazi yake. Usiku ule sanamu ikageuka mwanamke, akawa mkewe. Wakateremka hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia mahali pengine, akajifungua tena, na huyo naye akawa mfu. Basi wakapanda mpaka juu kabisa, kwenye vichaka vya Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa ni amri kwa wazao wao kukaa juu, mbali na mito.

Mpenzi wa hadithi zinazobuni walimwengu wengine atakitambua kisa hiki mara moja kuwa ni chake. Gogo limekuwa mke, naye anataka nini zaidi? Lakini na atazame jinsi kinavyosimuliwa. Muujiza wenyewe umepita kwa pumzi moja, usiku, pasipo ngurumo wala moshi. Kilichobakia chote ni habari za nyumba: wapi pa kuogea, wapi pa kuzalia, wapi pa kuishi. Na amri ile ya mwisho si pambo. Uwanda wa Newala ni mkavu; mvua ikinyesha, maji huzama mchangani na kwenda kutokea chini ya genge. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka genge hilo na mitungi, wakapanda nalo tena na maji vichwani, hata mradi wa kuyapandisha maji kwa mitambo ulipoanzishwa katika miaka ya 1950. Kila aliyepanda njia ile alikuwa akiishi ndani ya hadithi ya gogo. Watu hawa walijibuniwa ajabu, na ajabu ile ikawadai maji kila siku.

Hiki ndicho kipimo kinachofaa kuwekwa mbele ya riwaya na vibonzo vya ajabu, nacho ni tofauti na kile kilichozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili. Suala la kwanza lisiwe ajabu hii inamaanisha nini. Liwe: ajabu hii inamgharimu nani, na kila siku anailipa kwa kitu gani?

Kwa hakika msomaji wa hadithi za aina hii amedhulumiwa kwa pande mbili. Akiwa skuli, mwalimu humpokonya gazeti la vibonzo kwa hoja kwamba humtia ujinga. Akifika chuo kikuu, hurejeshewa ajabu yake, lakini imekwisha kamuliwa. Huambiwa kwamba jini ni ubeberu, zimwi ni chama tawala, na mji wa angani ni koloni. Yamkini yote hayo ni kweli. Waandishi wengi walivaa vazi la ajabu kwa sababu maneno ya uchi yangewatia mashakani. Hata hivyo mtu aliyekesha na kitabu, asiyetaka kuzima taa kwa kuwa ametekwa na mji usiokuwapo, hakukesha kwa ajili ya ubeberu. Alikesha kwa ajili ya mji. Uhakiki usioweza kusema lolote juu ya mkesha huo umeiacha nusu ya kitabu mezani.

Njia baina ya Unguja na Masasi katika jambo hili ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyekuwa hapa Unguja, alichapisha London mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi alizozikusanya kwa wasimulizi wa mji huu, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Miaka sita baadaye, mwaka 1876, akiwa amekwisha kuwa askofu, mtu huyohuyo alishuka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akaenda nao bara kwa miguu hadi Masasi, na huko kikaanzishwa kijiji chao chini ya vilima vya mawe. Haifai kudai zaidi ya hapo; hakuna anayejua ni hadithi gani zilizosimuliwa njiani wakati wa usiku. Ila watu wale walikuwa wametoka katika mji wa hadithi zile, na waliokwenda kujirani nao walikuwa watu wa gogo lililogeuka mke.

Katika mkusanyo wa Steere imo hadithi ya Sultani Majnuni na paka wake, ambayo kila mtoto wa pwani ameisikia kwa jina la nunda. Paka anakamata kuku wa watu. Sultani anaambiwa, anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka anahamia kwa mbuzi, kisha kwa ng'ombe, kisha kwa watu, na kila mashitaka yanapoletwa jibu ni lilelile, mpaka mnyama anawala wana wa sultani mwenyewe na kutoroka mwituni akiwa amekwisha kuwa nunda. Ndipo mwana mmoja, aliyekuwa akidharauliwa, anakwenda kumtafuta. Anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani. Mama anamwambia kwamba siye. Anaua mnyama mwingine mkubwa zaidi, naye siye. Na mwingine, na mwingine, kila mara mzigo ni mzito zaidi na mama ana hofu zaidi.

Mhakiki wa kuuliza maana atasema hii ni hadithi ya udhalimu wa watawala, na hatakosea. Lakini kinachomkamata msikilizaji ni ule mpando. Ajabu hapa haikushuka mbinguni. Imekua kutoka katika paka wa nyumba, kwa kulishwa, hatua kwa hatua, na kila hatua ina hesabu yake ya kuku na mbuzi. Na safari ya kijana imepangwa kama vibonzo vinavyopangwa: picha moja, nyingine kubwa zaidi, nyingine kubwa zaidi, na neno lilelile la mama chini ya kila picha. Aliyebuni mpango huu hakuhitaji karatasi.

Kwa kipimo hicho Shaaban Robert anatokea kuwa waandishi wawili. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ndicho kilichopewa heshima zaidi, na kinastahiki heshima kwa ujasiri wake. Nchi imening'inia angani, imepakana na pepo. Mtu hufungua ukurasa wa kwanza akiwa na shauku: nyumba zinasimama juu ya nini? Mtoto akiangusha kikombe nje ya dirisha kinakwenda wapi? Mvua inanyesha juu yao au chini yao? Hapati jibu, kwa sababu Karama amekwisha kupelekwa mahakamani, Majivuno anamshitaki, na kuanzia hapo kitabu ni hotuba moja nzuri juu ya haki. Wajumbe sita wanatumwa pande sita za ulimwengu, wanarejea na habari njema, wanatiwa kifungoni. Hewa ile waliyokuwa wakiishi ndani yake imesahauliwa. Kusadikika ingeliweza kuwa kisiwa au bonde, na kesi isingelibadilika hata neno.

Adili na Nduguze, kilichofuata mwaka 1952, husomwa kwa haraka zaidi, kama kitabu cha watoto chenye asili yake katika Alfu Lela Ulela. Humo liwali Adili ana manyani wawili. Anakula nao, anawatunza kwa heshima, na usiku anawachapa kwa mjeledi huku akilia. Ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya hiana yao. Na asipowachapa ataadhibiwa yeye. Ajabu hii ina saa yake. Ina mjeledi wake, ina chakula chake, ina mtu ambaye lazima aamke kitandani kila usiku kuitumikia. Mtumishi wa serikali anayekagua hesabu za liwali huyu angelikuta matumizi ya chakula cha manyani. Hakuna ukurasa wa Kusadikika unaokaa akilini kama picha ile ya mtu akimchapa kaka aliyemsamehe. Ikiwa lazima kimoja kati ya vitabu hivi viwili kiwekwe mbele ya kijana anayependa kubuni, basi kiwe hiki.

Ni sadfa ya kupendeza kwamba katika mwaka huohuo wa 1952, huko London, kilitoka kitabu cha Amos Tutuola wa Nigeria juu ya mlevi wa mvinyo wa mnazi anayekwenda mji wa wafu kumtafuta mgema wake. Wasomi wa kwao walikiona ni aibu kwa sababu ya Kiingereza chake. Lakini Tutuola alijua kitu ambacho wasomi wale hawakukijua. Bwana mtanashati anayempendeza binti sokoni kumbe viungo vyake vyote vimekodishwa. Akirejea mwituni anavirudisha kimoja kimoja kwa wenyewe na kulipa kodi, hata anabakia fuvu tupu. Mlevi mwenyewe na mkewe wanauza kifo chao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6, na hofu yao wanaikopesha kwa riba ya kila mwezi. Baada ya kuuza kifo hawawezi kufa, lakini bado wanaogopa, kwa kuwa hofu haikuuzwa. Hayo ndiyo mahesabu ya ajabu yaliyokamilika. Mtungi wa Newala na risiti ya Tutuola ni ndugu.

Riwaya za Kiswahili zilizokuja baadaye zilirejea kwenye ajabu kwa nguvu mpya. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi zilishangaza wengi zilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vitabu vyembamba, vyenye msafiri, mji ulio kimya, na wanafalsafa wa Ulaya waliokufa zamani wakiwa humo. Yaliyoandikwa juu ya falsafa yake yanajaza kabati. Juu ya ukimya wa mji ule, jinsi unavyomfanya msomaji apunguze sauti ya kufungua kurasa, pameandikwa kidogo. William Mkufya katika Ziraili na Zirani, 1999, alimpeleka ahera mtu asiyeamini Mungu, akamkutanisha huko na vita. Kitabu kipana, kizito, chenye kubuni kwingi kuliko kinavyosifiwa. Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu!, 2002, aliufanya ulimwengu mzima kuwa kijiji cha kutafutia mtu mmoja asiyeshikika, ingawa hapo wazo hutangulia mbio na ajabu ikafuata nyuma ikihema.

Anayestahiki kutazamwa zaidi na wasomaji wa visiwani ni Said Ahmed Mohamed na Babu Alipofufuka, 2001. Babu amekufa, anafufuka, anamchukua mjukuu wake K, mtu mwenye cheo na raha, kumwonyesha alichokisahau. Mengi yamesemwa juu ya kejeli ya siasa iliyomo. Lakini kwa nini babu, na si baba? Kwa sababu katika nyumba ya Mswahili babu na mjukuu wana utani. Baba akifufuka atatisha, atafungisha midomo. Babu anaweza kumcheka mjukuu, kumsuta, kumdhalilisha kwa mapenzi, na mjukuu hana la kufanya, kwa kuwa hiyo ni haki ya babu hata kabla hajafa. Mauti hayakuikata haki hiyo. Ajabu imefungwa kwenye ujamaa wa nyumbani, na ndiyo maana inasimama. Mtu asiye na babu wa namna ile hatakielewa kitabu hiki kwa ufafanuzi wowote wa siasa.

Na mwandishi wa ajabu katika pwani hii ana shida moja ambayo wenzake wa Ulaya hawanayo, nayo ni majirani zake. Mwaka 1995 habari za popobawa zilipoenea Pemba na kisha Unguja, watu walilala nje kwa makundi wakiwasha moto. Mtunzi gani angelishindana nao? Yeye anabuni mezani; wao wametandika mikeka barazani.

Wafasiri nao wana sehemu yao. Mwaka 1940 kilitoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies ya kitabu cha Lewis Carroll, na picha zake zilimwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alikifasiri upya. Kitabu hiki ni mtihani mkali kwa mfasiri kwa sababu ajabu zake nyingi ni za maneno, na neno likihamishwa ajabu huvunjika njiani. Linalobakia salama siku zote ni lile lenye desturi ya nyumbani ndani yake: karamu ya chai isiyokwisha kwa kuwa saa imesimama, vikombe havioshwi, wageni wanahama kiti hadi kiti. Mswahili yeyote aliyewahi kukaa kwenye mazungumzo ya barazani yasiyo na mwisho ameshaingia katika karamu hiyo.

Ama kuhusu vibonzo, ni desturi kuanza na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kisha gazeti la Sani lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ambalo jina lake limeunganisha majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Humo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, alimchora Ndumilakuwili, na wakazi wengine wa gazeti hilo, Lodi Lofa, Pimbi na Kipepe, wakawa watu wanaojulikana kuliko mawaziri wengi. Walikuwa na vichwa na matumbo ambayo hayana mfano katika mwili wa mwanadamu, lakini walidaiwa kodi ya chumba, walifumaniwa, walikosa nauli. Gazeti moja lilipita mikono mingi, likavuka mito kwa basi, likafika Kusini likiwa limepoteza jalada. Skuli ziliyaona hayo kuwa ni takataka. Hata hivyo ni vigumu kutaja jambo jingine lililowafanya vijana wengi wa wakati ule wasome Kiswahili kwa hiari yao wenyewe, bila mtihani.

Lakini uchoraji wa kisa kwa picha katika upande wa Kusini una ushahidi wa zamani zaidi. Weule, katika safari yake ileile ya 1906, aliwapa watu penseli na karatasi, wapagazi wake na wenyeji, akawaacha wachore wapendavyo. Baadhi ya michoro ile imo kitabuni mwake. Mnyapara wake, Mnyamwezi aliyeitwa Pesa Mbili, aliuchora msafara mzima ukiwa njiani. Mswahili mmoja wa pwani, Bakari, aliichora meli. Weule aliitazama michoro kwa jicho la mtu anayepima akili za wengine, na maelezo yake mengi yamechakaa. Michoro haikuchakaa. Katika msafara wa Pesa Mbili mtu hujua nani anakwenda mbele ya nani.

Na hapa ndipo anapostahiki kuingia George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi, Mmakonde, akajifunza kuchonga tangu ujanani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam, na kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku. Baadaye ndipo walipogundua mlinzi wao anachonga nini. Akaingizwa miongoni mwa wasanii, akajifunza kutia rangi vitambaa, kuchora kwenye ngozi za mbuzi, kuchora kwa asidi kwenye bamba, na kufua nondo. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, na kutoka hapo jina lake likaenda Ulaya na Japani. Alifariki Dar es Salaam mwezi wa Juni 2005.

Alichochora ni mashetani. Uchongaji wa mashetani kama unavyojulikana mjini ulianza katika miaka ya 1950, na aghalabu hunasibishwa na Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, na Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyemtia moyo na kununua alichokileta. Wachongaji wengi waliomfuata walikuwa Wamakonde wa Msumbiji waliovuka mto kutafuta kazi, wengi katika mashamba ya mkonge. Mashetani yao yalikuwa ya mpingo, meusi, yamepindapinda, jicho moja, mkono uliotokea mahali pa sikio. Yanatisha, na yalikusudiwa kutisha, walau mtalii.

Lilanga aliyachukua mashetani haya akayatoa msituni. Akayapa rangi za kung'aa, waridi, manjano, samawati, akayajaza madoadoa, akayapa masikio mapana, matumbo ya mbele, midomo iliyoachama na miguu yenye vidole viwili. Kisha akayapa kazi. Katika mbao zake mashetani wanabeba maji, wanapika, wanakunywa pombe na kugombana, wanacheza ngoma, wanampeleka mgonjwa hospitali. Hakuna mwanadamu katika picha anayeshangaa, kwa sababu hakuna mwanadamu. Ni mji wao. Anayetazama ndiye mgeni, na mgeni huyo anajikuta akitafuta mambo anayoyajua: yule anadai deni, yule hataki kulipa, yule mwanamke amechoka.

Wachambuzi wa nje wamependa kumlinganisha na Keith Haring, kijana wa New York aliyechora kwenye kuta za stesheni za treni za chini ya ardhi, na wako wanaosema kwamba Haring ndiye aliyemtazama Lilanga. Jambo hilo halina haja ya kuamuliwa hapa. Wote wawili wana mstari mnene wa vibonzo na miili isiyotulia. Lakini watu wa Haring hawana nyumba wala majirani. Ni alama, kama alama za barabarani, na humo ndimo nguvu yao ilimo. Shetani wa Lilanga ana shemeji. Ukimtoa katika ubao wake atarudi kuulizia sufuria yake.

Kisha yako majina ya kazi zake, na hili ndilo lililopuuzwa kuliko yote. Lilanga alizipa picha zake majina marefu ya Kiswahili, mara nyingine sentensi nzima, maneno ya mtu anayezungumza, anayelalamika au anayeshauri. Jina si kibandiko. Ni kile ambacho katika vibonzo huandikwa ndani ya puto juu ya kichwa cha msemaji. Msomaji wa Sani angelielewa mara moja. Anasoma jina, anamtafuta ndani ya picha aliyelisema, anampata, anacheka. Mtazamaji wa Paris au Tokyo hupewa tafsiri fupi, au hapewi kitu, na anabakia na rangi. Rangi ni nzuri sana. Lakini nusu ya kazi imekaa katika lugha ambayo aliyeinunua haijui, na wanaoijua lugha hawakuiona picha.

Ndiyo maana inauma kuona Lilanga akiwekwa daima katika kabati la sanaa za mikono, na riwaya katika kabati la fasihi, na vibonzo visiwe na kabati. Alikuwa msimulizi wa Kiswahili. Ubunifu wake wa walimwengu, kwa kipimo cha mtungi, unawashinda wengi waliochapishwa, kwa kuwa yeye hakuiacha ajabu ikae bila kazi hata inchi moja ya ubao. Kusadikika hakuna jiko. Katika mbao za Lilanga jiko linafuka moshi.

Pana hoja moja dhidi yake isiyopaswa kufichwa. Soko lilimtaka mengi, naye akatoa mengi. Alikuwa na wasaidizi katika karakana yake, na baadhi ya mbao za miaka ya mwisho zinajirudia, mashetani wamepangwa kama kanga iliyochapwa, wanacheza bila sababu ya kucheza. Hapo ajabu imerudi kuwa pambo. Anayempenda Lilanga lazima achague, kama anayependa mtunzi yeyote wa mashairi mengi. Lakini pia wakati huo alikuwa mgonjwa wa kisukari, ugonjwa uliosababisha akatwe miguu, na aliendelea kuchora akiwa kitini, mara nyingi kwenye mbao ndogo zilizoweza kufikiwa kwa mkono mmoja. Katika zilizo bora za kipindi hicho mashetani bado wana miguu yao ya vidole viwili, na wamejaa ukingo hadi ukingo, wengine wameinamisha shingo ili waenee.

Kazi hizi sasa ziko mbali, nyingi katika nyumba za watoza sanaa wa Ulaya, Marekani na Japani, na vitabu vinavyozikusanya vimeandikwa kwa lugha zao. Kinachokosekana ni kitabu kimoja cha bei ndogo, cha Kiswahili, chenye picha arubaini au hamsini na majina yake kamili kama alivyoyaandika mwenyewe, bila dibaji ndefu, kiuzwe panapouzwa magazeti: Darajani, Kariakoo, stendi ya Masasi ambako basi la Newala husubiri abiria kabla ya kuanza kupanda.